Homa Iliyonyamazisha Jiwe la Kusagia

Mulanda, karibu na Tororo,
Uganda.

Dada yangu Rebeka,

Shikamoo. Kabla hujaketi, jua kwamba unasoma mwandiko wa mwanamume pekee anayetembea wima kuanzia Tororo mpaka Busia. Wengine wote, wazee kwa vijana, machifu kwa makarani, wanatambaa kama watoto. Mimi ndugu yako, yule uliyeapa kwamba hataweza kujichemshia yai, ndiye ninayelisha nyumba nzima huku. Waambie hapo Rabai wanipishe njia nikirudi.

Je, mko wazima? Goti la Mama linakubali kupanda kilima cha kanisani, au bado mnamsukuma kwa nyuma? Na wanao wanakua, au wanakula tu? Mimi mzima kabisa, na hilo lenyewe linanishangaza, maana niliyoyaona huku sikuwahi kuyaona.

Kuna homa imeingia. Wanasema ilianzia kaskazini kwa Waacholi, ikashuka nchi kwa nchi. Wengine wanasema ni mbu, wengine wanasema ni upepo, na wazee wengine wanasema ni huu Uhuru unaokuja, unakuja na mambo yake. Haiui sana, lakini inavunja viungo. Mtu analala mzima, anaamka hawezi kufunga kifungo cha shati. Mzee Ofwono, dereva wa lori ninalofanyia kazi, mwenye nyumba hii ninayolala, mtu wa kubeba robota la pamba peke yake, alinipigia kelele asubuhi moja kutoka chumbani: "Wewe mtoto wa Pwani! Nani amefunga miguu yangu?" Nikacheka, nikidhani mzaha. Nikaingia, nikamkuta analia kweli, machozi yanaingia masikioni. Dada, nilitoka nje nikakaa chini.

Siku ya pili akaanguka mkewe, Mama Awori. Lori likabaki chini ya mti, kuku wakataga kwenye kiti changu cha utaniboi. Tuliobaki na miguu ni mimi na Nyadoi, binti yao mdogo, ambaye ana meno machache na maneno mengi.

Sasa sikia habari ya chakula. Nilikuandikia zamani jinsi hawa watu wanavyokula: ugali wa wimbi, yaani ulezi, mweusi kama udongo wa mtoni, mboga za kunde zilizotiwa ufuta wa kusagwa, samaki mkavu wa kutoka Busia, uyoga, kumbikumbi wa kukaanga, leo hiki kesho kile. Nilinenepa, ukanisema ulipoiona picha yangu. Kumbe yote yale yalitoka kwenye viganja vya Mama Awori! Viganja vilipofura, jiwe la kusagia likanyamaza. Hapa Mulanda alfajiri huamshwa na mawe, kila nyumba grrr, grrr. Asubuhi ile hapakuwa na sauti hata moja kijiji kizima. Niliogopa kuliko msibani.

Bila jiwe hakuna unga wala ufuta. Kwenda kuchuma mboga, nani ainame? Wimbi la mwisho la ghalani nililichemsha zima zima, likawa kama changarawe ya barabarani. Mzee akatafuna, akaniuliza kama nimempikia breki za lori. Tukahamia viazi vitamu vya kuchoma. Viazi asubuhi, viazi jioni, mpaka Nyadoi akawa anavisalimia: "Habari za tangu jana?"

Vilipokwisha tukaingia kwenye kuku, na hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Desturi ya huku mwanamke hali kuku, wala yai. Mama Awori amefuga kuku tangu aolewe na hajui ladha yao. Nikampelekea mchuzi na paja. Akageukia ukuta.

"Mimi? Kuku? Wewe unataka watu waseme nini?"

Mzee, naye chali kwenye mkeka wa pili, akajibu: "Kula, mama. Watu gani? Wote wamelala."

Akageuka polepole, akavuta bakuli. Halafu akala. Akala na shingo, akafyonza mifupa, akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo hii mlikuwa mnatuficha?" Mzee akajifanya amesinzia.

Lakini kila siku wasiwasi wa Mama Awori ulikuwa mmoja tu. Shamba lilikwisha kulimwa kwa ng'ombe kabla ya homa, linangoja mvua, na wimbi la huku hupandwa mvua ya kwanza tu. Ukichelewa, mwaka mzima unakuwa wa kuomba kwa watu. Alikuwa ananiambia, "Danieli, mvua isinikute chini. Mimi nainuka tu, napanda." Nami nikamjibu, wewe ningoje, nakwenda Busia na baiskeli ya Mzee, narudi na unga na samaki mpaka mseme basi. Nilijigamba sana, dada. Unanijua.

Kesho yake jioni, baada ya safari hiyo, Mama Awori alikula ugali wa wimbi. Usiniulize nililipata wapi, nitafika. Nilisaga mwenyewe, nimepiga magoti mbele ya jiwe, jambo ambalo mwanamume wa huku hafanyi hata kwa bunduki. Nyadoi akashika kiuno mlangoni: "Njooni muone! Danieli ameolewa!" Mama Awori alipotia tonge la kwanza mdomoni alifumba macho. Akaniwekea mkono wake uliofura kichwani, akanibariki kwa lugha yao. Tulikula hivyo siku kadhaa, na rangi ikawarudia.

Nisalimie Mama, umwambie kikombe chake cha chai kisiguswe na mtu. Nisalimie shemeji Yohana, mumeo, fundi wa kushona ambaye suruali yangu imeshinda ufundi wake. Nisalimie Baba Mdogo Zakaria, mpiga kengele wa kanisa, na mjomba Mwero mgema, mwambie huku pombe hunywewa kwa mrija mrefu, watu wamezunguka chungu kimoja, angependa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kalamu haitaki.

Busia sikupata kitu. Soko lilikuwa vibanda na mbwa, akina mama wanaoleta vyakula toka pande zote mbili za mpaka wamelala majumbani kwao. Nikarudi mikono mitupu, na aibu ya majigambo yangu. Jikoni, juu kabisa darini, nikaona chungu kimefunikwa. Ndani kulikuwa na wimbi limechanganywa na majivu. Nikadhani limechafuka, limetupwa huko. Kwetu mbegu ni mahindi yanayoning'inia kwenye moshi, kila mtoto anaijua. Nani angedhani huku mbegu hutiwa majivu ili wadudu wasiiguse? Asubuhi nikaliosha, nikalianika, nikalisaga. Mama Awori alipouliza, nikasema, "La Busia hilo. Si nilikuambia?"

Leo mvua imenyesha. Mama Awori amesimama kwa fimbo, amecheka, amemwambia Nyadoi, "Kesho tunashusha chungu cha majivu, tupande." Majirani wengi wamekula akiba yao, hakuna wa kumwomba. Nilikirudisha kile chungu mahali pake na mfuniko wake, dada. Ni kitupu. Nitamwambia asubuhi, kabla hajanyosha mkono, na sijui nitaanzia neno gani. Wale watu niliwapikia mwaka wao ujao, wakala wakanibariki.

Ndugu yako asiye na la kujisifu usiku wa leo,
Danieli