Mwezi Niliomchagulia Zuhura

Jumatatu, 13 Januari

Nazi themanini nimefua kabla ya adhuhuri. Na miaka yangu sabini na sita. Vijana wa hapa Baleni wakifua thelathini washashika kiuno. Jua kali, kaskazi inavuma, mbata zinakauka upesi.

Nikiwa hapo hapo kwenye kifuo, ule mti wa kufulia nazi, simu ikalia. Salma, mtoto wa dada yangu Zuhura, kanitumia sauti toka Maskati. Ndani yake Zuhura mwenyewe. Shikamoo kaka Seif. Anataka kuja. Miaka sitini na mbili tangu mjomba amchukue, alikuwa na miaka tisa, hajarudi hata mara moja. Anataka kuiona nchi yote, si Mafia peke yake. Wanyama, mlima, baridi ya Njombe, halafu amalizie nyumbani. Anasema mwezi wowote kwao sawa, nimchagulie mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua nchi.

Ni kweli. Miaka kumi na moja nilikuwa utingo wa lori. Nimelala Makambako, Singida, Tunduma, Kigoma. Hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyenyeshewa na mvua za mikoa mingi kama mimi.

Anasema atakuja mara moja tu. Magoti hayatamrudisha tena.

Mwishoni akasema: na mnazi wangu niuguse, kaka.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 14 Januari

Niandike ukweli hapa. Daftari hili hasomi mtu. Mke wangu Mwanahamisi anasema mwandiko wangu kama kaa kapita mchangani, hataki hata kuutazama. Wivu. Elimu ya watu wazima mimi nilikuwa wa kwanza.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu kikikatika kinazikwa shambani na juu yake unapandwa mnazi. Mnazi huo wake. Hata akifa haukatwi ovyo. Wangu ulikuwapo, wa Zuhura ukapandwa kando yake, hatua kumi. Wangu ulitoka na kombo. Wa Zuhura ulinyooka, bibi yetu akisema umesimama kama alifu.

Mwaka niliojenga nyumba hii nilitaka mti mmoja mrefu ulionyooka, uwe boriti juu ya chumba cha wageni toka ukuta hadi ukuta. Nikaukata wa Zuhura. Nilisema mwenyewe hayupo. Nilisema ana nyumba ya marumaru huko, mnazi wa nini.

Sikumwambia. Akiuliza najibu unazaa. Nilisema unazaa kuliko minazi yote. Mwaka mmoja kuna mtu wa Kirongwe anakwenda Maskati, nikampa nazi ampelekee, nikasema ya mnazi wako hiyo. Ilikuwa ya mnazi wangu. Kifuu chake hajakitupa. Salma alinitumia picha, kimewekwa kabatini na vikombe vya dhahabu.

Ijumaa, 17 Januari

Najua jibu la kweli. Wanyama na mlima, mwezi wa saba mpaka wa tisa. Mvua hakuna, barabara ngumu, nyasi fupi, simba unamwona alipolala. Njombe wakati huo baridi ya kupasua midomo, na ndiyo anayoitaka. Kama ni papa potwe wa Kilindoni, basi toka wa kumi na moja mpaka wa pili. Nchi hii kubwa, mvua zake hazifuatani. Dodoma wana msimu mmoja wa mvua, sisi tuna masika na vuli. Mtu akiuliza, mimi kawaida namjibu mpaka achoke.

Mwezi wa nne si mwezi wa kutembea. Mtoto mdogo anajua.

Lakini mwezi wa nne bonde la kwendea shambani linajaa maji. Pikipiki haipiti. Mtu wa magoti hapiti.

Baada ya sala nikarekodi sauti. Nikasema: njoo mwezi wa nne, dada. Nchi ya kijani, hakuna vumbi, hakuna msongamano. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya mtu anayejua.

Salma akarudisha: mjomba, wakala wa safari hapa anasema mwezi wa nne ni mvua, una hakika? Nikamuuliza huyo wakala kalala Singida lini. Akasema haya, mjomba.

Mwanahamisi alikuwa anakuna nazi, kasikia yote. Akasema, mwezi wa nne, Seif? Mgonjwa wa magoti unamwitia tope? Nikamwambia mambo ya safari huyajui. Akasema safari siijui, bonde linajaa lini najua. Akaendelea kukuna.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani. Tiketi zimekatwa. Sheikh leo kasema habari za amana. Nilikaa nyuma ya nguzo.

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema ahirisheni. Simu mfukoni, salio lipo. Mimi nikishasema neno silirudishi, watu wote wananijua hivyo. Nimekuwa nikilisema hilo kwa kujisifu. Leo halikunipa raha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua siku ya tano. Chumba cha wageni kimepigwa chokaa, shuka mpya. Ule mti hapo juu nimeufuta vumbi. Nilipanda ngazi mwenyewe, sikumwita mtu.

Salma katuma picha toka safarini. Moshi siku tatu, mlima haukuonekana. Wingu tu, na Zuhura amesimama mbele ya wingu, kavaa koti la mtu. Huko mbugani gari limezama kwenye tope, wamelisukuma na Zuhura akateleza. Goti limevimba. Njombe hawaendi tena. Simba hawajamwona hata mmoja, nyasi zimempita mtu kimo.

Sauti ya Zuhura: kaka, mlima wenu una haya kama bi harusi. Akacheka, kisha akakohoa.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Ndege haikuruka jana. Leo pia haikuruka. Wamekaa Dar hotelini wanatazama dirisha. Siku alizokuja kukaa na mimi zinaliwa na mvua niliyomchagulia mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Kafika. Mdogo sana, nilimtazamia mkubwa. Anatembelea fimbo. Kakunjwa na kikohozi. Akanishika mkono akauinamia, shikamoo kaka. Marahaba. Nikamchukulia begi.

Mwanahamisi na yeye wamekumbatiana, wanacheka kama wamelelewa pamoja.

Akaingia chumba cha wageni akatazama juu akasema, chumba kizuri kaka, umejenga kwa mti wa nguvu. Nikatoka nje. Nikasimama mvuani kama mjinga.

Ijumaa, 18 Aprili

Anataka shambani. Nikasema bonde limejaa. Nikasema siafu. Nikasema nyoka. Akasema, nimeona tope la nchi nzima hii, la kwetu ndilo litanishinda?

Salma akacheka. Mwanahamisi hakucheka. Akaniambia jikoni, mwambie wewe, ama atajionea mwenyewe. Nikasema nitajua la kufanya. Akasema ndilo ninaloliogopa hilo.

Jumapili, 20 Aprili

Tumekwenda. Pikipiki mpaka ukingoni mwa bonde. Baada ya hapo miguu. Maji juu ya magoti. Salma mkono mmoja, mimi mmoja, Zuhura katikati, fimbo kaitundika shingoni. Alikuwa anapumua kwa shida na huku anasoma dua. Mara mbili nilisema turudi. Alisema tembea.

Tumefika. Kisiki cha mnazi wake kimefunikwa na majani, nilivyotaka. Akauliza, upi?

Nikamwonyesha wangu.

Akautazama. Akasema, bibi alikuwa akisema wangu umesimama kama alifu. Nikasema miti inazeeka kama sisi, upepo wa miaka umeupinda. Ulimi wangu haukukwama hata kidogo. Akaukumbatia. Akaweka shavu kwenye mnazi wangu na akalia, na maji ya mvua yanamshuka shingoni. Akamwita mama.

Akajifuta uso akauliza, na wako uko wapi, kaka?

Nikasema ulianguka. Upepo.

Akanishika mkono, akaniambia pole. Pole sana kaka yangu.

Mimi ni mtu muovu. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 22 Aprili

Goti la Zuhura limekuwa kama buyu. Homa kidogo. Amelala chumba cha wageni, macho juu, chini ya mti wake mwenyewe, na anamhurumia mwenye nyumba.

Asubuhi kamtuma Salma anitafutie nazi iliyochipua. Anasema masika ndiyo wakati wa kupanda, tupande mwingine badala ya wako ulioanguka, usiishi bila mti. Mche umeletwa. Uko pembeni mwa ukuta, una majani mawili.

Mwanahamisi kaweka chai yangu sakafuni, siyo mezani. Miaka arobaini na tisa hajafanya hivyo. Akasema, leo umwambie, Seif. Kesho namwambia mimi, na mimi sitakupamba.

Sikumwambia.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia. Alasiri, Mwanahamisi alikuwa ameshakaa kitako kitandani kwa Zuhura tayari kuanza. Nikasema ngoja, toka. Akatoka, lakini hakwenda mbali, kivuli chake kilikuwa mlangoni.

Nikamwambia Zuhura tazama juu. Akatazama. Nikasema huo ndio mnazi wako. Ule uliokumbatia ni wangu. Wako niliukata nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu ulikuwa umenyooka.

Mvua ilikuwa inapungua juu ya bati. Akaniuliza na ile nazi je. Nikasema ya mnazi wangu. Akasema, nimekula tui lake, kifuu nimekionyesha watu.

Hapo nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kupumua.

Akasema, na mwezi wa nne?

Mjanja. Alikuwa mjanja tangu mtoto. Nikamwambia hilo nalo. Kwamba nilijua. Kwamba nilitaka bonde lijae.

Niandike alivyosema, maana sitaki niyageuze baadaye. Alisema: mnazi uliukata hunijui, nilikuwa jina tu. Hilo naweza kulimeza. Kitovu changu kiko chini pale pale, hukukata ardhi. Lakini mwezi, kaka, umenichagulia ukinijua. Sauti yangu umeisikia, magoti yangu umeambiwa. Nilikuwa na safari moja.

Kisha akageukia ukutani.

Nikatoka, Mwanahamisi akanipisha mlangoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Wameondoka. Ndege imeruka safari hii. Uwanjani alinipa shikamoo kama adabu inavyotaka. Marahaba, dada. Mwanahamisi kampa kikapu cha mkate wa kumimina na mimi kanipa mwavuli wa kushika. Hakuna aliyenitazama.

Nilirudi kwa miguu toka Kilindoni. Magari yalikuwapo. Nilitaka kuchoka.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeupanda mche. Peke yangu, nimevuka bonde, maji kiunoni. Siyo badala ya wangu, wangu umesimama. Kando ya kisiki cha Zuhura, nimekifyeka kikaonekana. Nimechimba kina cha mkono, nimetia chumvi na majivu kama baba alivyokuwa akitia. Mnazi hautaki kiangazi ukipandwa. Mwezi wa nne ulikuwa mzuri kwa jambo hili moja.

Zuhura hajatuma sauti. Salma kasema goti linapungua.

Jumamosi, 10 Mei

Masika yanakwisha. Jua limetoka saa mbili likakaa.

Salma kauliza leo. Mwanawe mkubwa anataka kuja, na mke wake na watoto. Mwezi gani mzuri, mjomba? Akaongeza: mama kasema nikuulize wewe.

Nilikaa na simu mpaka chai ikapoa. Mezani, chai siku hizi iko mezani.

Nikarekodi. Nikasema mwezi wa saba. Wanyama na mlima, wa saba ni mzuri. Njombe ya siku hizi siijui, nilipita zamani nikiwa juu ya magunia, waulizeni watu wa Njombe. Papa potwe hawatawaona, wanakuja mwisho wa mwaka, wasidanganywe.

Nikasikiliza nilichosema. Nikaongeza kidogo. Nikasema mwezi wa saba bonde limekauka, watafika shambani kwa miguu yao na viatu vyao. Wauone mche. Na kisiki kipo, wakione.

Nikatuma.

Nazi arobaini leo. Nimechoka.