Vidonge vya Macho kwa Miguu ya Baba

Bergen, Februari 2024
Mwaka wa arobaini na moja tangu nipande treni pale Tabora

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu mke wangu afariki nyumba imenyamaza. Kiswahili nazungumza na birika la chai.

Juzi kwenye simu tulikatizana maneno, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka baba alivyokuwa akirudi msikitini anayumba, ulimi mzito, na fundi cherehani wa pale Cheyo akimtania: "Mzee Salum, leo wanzuki wa Kigwa umekuita?" Baba hakuwahi kuonja pombe. Alicheka, akaingia ndani, akalala ameelekea ukutani.

Nami nimeyumba hivyo tangu ujana. Mwaka jana walinipima damu, wakakuta kasoro ndogo kwenye vinasaba, kitu cha kurithi. Daktari akasema wakishaijua kasoro yenyewe, wanajua pia ni dawa gani iliyopo tayari inayoweza kuisaidia.

"Nitakupa vidonge vya presha ya macho," akasema.

"Macho yangu hayana neno."

"Najua, mzee. Ni vya miguu."

Dawa ya zamani kabisa, Zuhura. Tangu nianze kuimeza, nayumba kwa nadra.

Sasa mwanao Idi anayumba, na wazee wa Puge wamekataa posa yake wakisema hawamwozi binti yao kwa mlevi. Ukaniambia, "Kaka, jambo la ukoo husemwa na mkubwa, naye awe amekaa mkekani. Njoo useme mwenyewe." Ni kweli, ndivyo tulivyolelewa. Nami kila mwaka nimekujibu, "Mwakani, inshallah," nawe ukangoja.

Mpeleke Idi hospitali, umweleze daktari habari za baba na zangu. Apimwe kwanza, asinunue vidonge dukani, huenda lake ni jingine. Kisha nenda Puge, ukae mkekani wewe, useme kwamba kwetu kuna ugonjwa, hakuna ulevi. Wakiuliza mkubwa wako yuko wapi, waambie amekupa kauli.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo kama bado anasikia. Idi mwambie mjomba wake anamwamini.

Usiningoje tena. Hapa nimemzika mke wangu, na hapa nitazikwa. Sitarudi Tabora.

Kaka yako,
Rashidi