Neno Ambalo Sikumwambia Daktari

Mama,

Nimetoka kliniki sasa hivi, miguu inawaka moto, na hata viatu sijavua. Ndiyo, ile ile kliniki ya saratani hapa Kisumu. Safari hii nilikuwa na dada yako, Mama Mdogo Akinyi. Naye amepatikana nayo, ya titi kama yako, na watoto wake wako mbali, kwa hiyo mimi ndiye wa kumtafsiria. Nilidhani kazi hiyo niliimaliza nilipokuzika.

Miezi minane imepita. Paa la jikoni lilivuja, nikaliziba. Yule kuku wako mkorofi bado anataga kwa jirani. Kila nikija kaburini nakupa habari ndogo ndogo kama hizi, kwa sababu lile kubwa nilikuwa naliogopa.

Kwenye kliniki moja, miezi michache baada ya upasuaji wako, daktari aliuliza kama kuna jambo linalokusumbua. Ukamweleza kwa Dholuo, polepole, ukimtazama yeye usoni wala si mimi. Ulisema tangu utoke wodini, akina mama wa kanisa hawakuachii tena mwiko kwenye matanga. Wewe, uliyesonga ugali wa watu mia, sasa unapewa kiti cha plastiki na soda, unakaa na wageni. Ukasema, "Wananizika kwa heshima, nikiwa hai."

Daktari ni mtu wa Nyeri, Dholuo hasikii. Akanigeukia. "Mama anasema nini?"

Nikamjibu, "Anasema mkono unamuuma kidogo."

Sijui nilikuwa na akili gani, Mama. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu. Niliona aibu, kana kwamba umemletea daktari habari za jikoni. Niliamini yeye ni wa titi na mkono, na mambo ya moyo tutayamaliza nyumbani. Nyumbani nako sikukuuliza. Akakuandikia dawa za maumivu. Ukazimeza asubuhi na jioni mpaka zikaisha, na mkono wenyewe haukuwa unauma.

Na Kiswahili cha sokoni ulikijua. Hilo ndilo linaloninyima raha. Miaka yote hiyo ya kuuza dagaa wa omena Port Victoria, ungekosaje kuelewa neno mkono? Ulinitazama tu, ukafunga mkoba wako. Kliniki zilizofuata, akiuliza, hukungoja nigeuke. "Mwambie niko sawa, nyathina, mwanangu."

Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Mimi ndiye niliyekuficha.

Kwenye matanga yako nilimweleza maneno yako Mama Otieno, yule kiongozi wa wapishi. Akaacha kukoroga. Akasema waliogopa usije ukaumia kwa zile sufuria nzito, walidhani wanakuhurumia. "Si ungetuambia tu. Angekuwa anachambua mchele hapa na sisi. Kazi za kukaa ziko nyingi." Nililia pale kuliko nilivyolia jeneza likiteremshwa.

Leo daktari yule yule ameuliza swali lile lile. Mama Mdogo aliinama, akasema mumewe amehamia chumba cha mbele, na sahani yake yeye mgonjwa sasa inaoshwa kando. Daktari akanigeukia. Aibu ilikuja tena, Mama, kama zamani. Nikayasema yote, hata la sahani.

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema mume aje naye wiki ijayo, aambiwe waziwazi kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Kisha akatupeleka kwa mama mmoja mshauri chumba cha pili, tukakaa saa nzima. Kumbe chumba hicho kilikuwepo siku zote.

Tulipokuwa tunaaga, daktari akanikumbuka. "Mama yako alikuwa mtu wa kunyamaza sana," akasema kwa upole.

Ningeweza kuitikia tu, tukaenda zetu. Nilikuwa nimechoka.

"Alikwambia, daktari," nikasema. "Mimi ndiye ambaye sikusema."

Alinishika bega tu.

Nisamehe, Mama. Nitamsindikiza dada yako kila kliniki mpaka mwisho wowote utakaokuja, na atakalosema nitalisema, hata likinichoma mimi. Lala sasa. Na huko uliko, ukiulizwa kama una neno, usiningoje. Sema mwenyewe.

Mwanao,
Atieno