Picha ya Uyoga wa Mfalme

Podhájí, mwisho wa Julai

Mpendwa mdogo wangu Vlastík,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta ukipumua vizuri kuliko ulivyoandika mara ya mwisho, na kwamba wajukuu hawakuchoshi. Mimi nipo. Daktari hanifichi tena kitu, nami simuulizi tena. Naandika nikiwa nimeegemea mito, hivyo uvumilie mwandiko.

Habari kwamba unakuja Septemba na Oskar, ili mjukuu wako apaone mahali petu chini ya mialoni, imenifikia. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nimeomba karatasi na kalamu.

Unakumbuka Baba alivyotuzungusha upande wa kinu tukienda kuchuma uyoga, ili watu wasijue tunakoelekea, akatuapisha tusimwambie mtu, hata tutakaofunga nao ndoa. Mama alikaanga uyoga wa pale maisha yake yote, akafa hajui ulikotoka. Ulipoitoroka nchi uliniandikia kwamba maadamu uyoga bado unaota pale, nawe bado una kwenu. Ndiyo maana kila vuli nilibeba kamera, nikalala kifudifudi kwenye majani, nikakupigia picha ya uyoga wa kwanza.

Sasa nikueleze. Wachimba makaa ya mawe walipotangaza kwamba shimo lao litafika msituni, binti mmoja mtaalamu wa mimea, Jitka, alituita ukumbini. Alisema msitu utanusurika endapo utapatikana ndani yake uyoga wa mfalme, ule wenye kofia nyekundu na shina la manjano, kwa kuwa sheria inaulinda. Alitaka picha, na mwenye picha aoneshe kwenye ramani mahali alipoipiga. Picha hiyo nilikuwa nayo mkobani. Niliipiga pale petu, vuli iliyotangulia.

Kando yangu alikaa mzee Bouzek, yule aliyemnyemelea Baba miaka yote asimpate. Aliniinamia akasema, "Haya Květa, leo sema baba yako alikuwa anapitia wapi. Mimi meno yamekwisha, hata nikipajua nitatafunia nini?" Watu wa nyuma wakacheka. Jitka akauliza tena, akitutazama mmoja mmoja. Nikaufunga mkoba. Nilijiambia kwamba atajitokeza mwingine mwenye picha ya sehemu nyingine. Hakujitokeza. Labda na wengine walikuwa na mikoba yao, sijui. Mialoni iliangushwa majira ya baridi, halafu mashine zikaingia. Pale petu sasa ni shimo tu, na upande wa pili huuoni hata siku isiyo na ukungu.

Utauliza picha ulizopata baada ya hapo zimetoka wapi. Zimetoka roshani kwangu. Nilinunua uyoga sokoni, nikajaza udongo na majani ya mwaloni kwenye sinia ya kuokea, nikauzika uyoga hadi mahali kisu kilipopita. Jirani yangu Hromádková alichungulia siku moja akauliza kama uyoga wangu unasafiri, maana naupiga picha kama ya pasipoti. Nilicheka naye, nikaingia ndani, sikutoka siku nzima. Ile picha uliyoniandikia kwamba uliiweka kando ya kitanda hospitalini, ukaitazama kabla ya upasuaji, nayo ni ya sinia.

Najaribu kusema kwamba nilimtii Baba. Lakini binti yule alieleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa, nami nilielewa. Nilikilinda kiapo mpaka kikabaki hakina cha kulinda.

Usimpe Oskar ahadi yoyote. Ukija, kisu na kikapu viache huko. Nami sidhani kama utanikuta.

Ndani ya bahasha nimeweka ile picha ya uyoga wa mfalme. Nyuma ya uyoga, kwa ukungu kidogo, utauona mzizi uliopinda ambao wewe ulikuwa ukiukalia ukimsubiri Baba. Hiyo haikupangwa kwenye sinia. Ni yote niliyonayo ya kukurudishia, na nilikuwa nayo mkobani wakati bado ingefaa kitu.

Msalimie mkeo na watoto. Mwambie Oskar kwamba shangazi wa baba yake anamwombea macho mazuri ya kuona uyoga. Kunijibu si lazima.

Dada yako,
Květuše