Mbuzi wa Bima

Mwenzio nimeumbuka leo! Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unakumbuka nilikuambia tuligonga nguzo ya geti kwa sababu ya mbuzi? Hapakuwa na mbuzi. Nilikuwa nimegeuka nyuma namfokea mama mkwe. Usinijibu kwanza, subiri.

Leo mkaguzi wa bima kaja kuangalia gari. Nikamwambia hivyo hivyo, mbuzi mweupe alichomoka vichakani. Akamgeukia mama mkwe, ambaye mkono wake bado una bandeji ya ajali ile: "Mama, na wewe ulimwona huyo mbuzi?"

Mama mkwe! Yule asiyeweza kudanganya hata umri wake! Akanitazama weee, kisha akasema, "Nilimwona, mwanangu. Mweusi tii."

Mweusi!!

Mkaguzi akaacha kuandika. Mama akawa anatafuta la kuongeza ili aniokoe. Aniokoe mimi, niliyemwita mzigo ndani ya gari lile lile!

Nikashindwa. Nikasema, "Mama, basi. Hapakuwa na mbuzi. Nilikuwa nakufokea, sikutazama mbele."

Unajua yule mkaguzi alisema nini? "Dada, kukosea njiani bima inalipa. Tungekunyima kwa huo uongo." Akafuta, akaanza upya.

Yaani nimemfanya mama wa watu aseme uongo bure. Bure kabisa!

Hapa nakuandikia nimejifungia chooni, na yeye anagonga mlango. Anauliza kama tumbo linaniuma, anichemshie maji.