Elias, Nazario Hakukuua

"Shemeji, jina la muuaji halikai karibu na langu!"

Mwaka umetimia leo tangu ututoke, Elias, na baba yako mdogo Urbano anapiga meza ileile uliyokuwa ukikatia vitambaa. Jumamosi tunaganduka, tunamaliza matanga yako hapa Magarama. Anataka niandike kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako kwamba rafiki yako Nazario alikutilia sumu kwenye pombe ya mtama, siku ya harusi ya dada yake kule Buhinyuza, Muyinga, mlipokunywa chungu kimoja kwa mrija mmoja. Ukoo mzima umeamini hivyo. Mwaka mzima hakuna aliyempa mkono.

Mimi sikuamini. Nilinyamaza tu.

Ulikuwa fundi mzuri, mwanangu. Kila kaptura ya shule uliyoshona uliitia kijifuko cha ndani ambacho mteja hakukiagiza. "Mtoto lazima awe na pa kuficha kitu," ulisema. Akina mama wa sokoni uliwashonea barakoa kwa vipande vya vitenge, ukajisahau mwenyewe. Uliimba huku umebana pini midomoni, na nilipokugombeza ulinijibu, "Mama, nikimeza utanishona wewe."

Sasa niseme. Ulianza kukohoa siku mbili kabla ya kwenda Muyinga. Nikakwambia ni vumbi, nenda, usimwaibishe mwenzio. Uliporudi na homa nikakufukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, siku sita. Niliogopa kwamba hospitalini wangekutenga nisikuone tena. Mimi, niliyesoma mpaka nikapata diploma. Siku ya saba ulihema kama aliyepanda mlima, mikono baridi, mkojo hakuna, ukaniita Jeska, jina la dada yako. Ndipo nikatafuta gari.

Walikupa oksijeni, dripu, sindano. Daktari aliniambia wazi: ni korona, mapafu yameharibika, na sasa maambukizi yameenea kwenye damu, presha imeanguka, figo zimeacha kufanya kazi. "Mama, mlikuwa wapi wiki nzima?" Siku mbili baadaye ukakata roho. Karatasi yake ninayo. Niliikunja nikaitia ndani ya Biblia, na Nazario akabeba lawama yangu.

Leo nimeiweka mezani. Urbano ameisoma mara mbili.

"Hata kama," akasema. "Watu wameshazoea."

"Wamezoea uongo wangu."

Nikampigia Nazario mbele yake, nikamsomea mstari kwa mstari. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama Elias, umekaa nayo mwaka?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akakata. Sidhani kama atakuja Jumamosi, na simlaumu. Nilichelewa kwako, nimechelewa na kwake. Hakuna dawa ya hilo, na wewe hutarudi.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Efrazia, mkeo Christina, dada yako Jeska, na rafiki yako Nazario wa Buhinyuza. Urbano amesema jina hilo likiwemo, lake litoke.

Nimelitoa lake.

Hatutakusahau hata siku moja.