Nyuki Walipotua Kwenye Landrova

Nzega, 3 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Kuanzia hapa Nzega hadi Igunga hakuna gari linalokohoa bila kuniomba ruhusa. Lori bovu likisikia napita linapona lenyewe, dereva anabaki ameshika spana hewani. Nasema mapema usije ukadhani unaandikiana na yule mtoto aliyekimbia kidato cha pili. Ni yuleyule, ila siku hizi naitwa Injinia.

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Goti lako vipi? Na mke wangu Bibi Paskazia unampa nyama, au unakula peke yako ndiyo maana umenenepa?

Habari kubwa: ile Landrova uliyoiendesha parokiani nimeipata. Ipo Puge kwa Mzee Ngassa. Anataka milioni tisa, hajui nani anamjia. Jubilei yenu ya ndoa, tarehe 27 Septemba, mtafika kanisani mmekaa mbele kama mwaka ule wa harusi, mimi usukani.

Simu huisikii, kwa hiyo naandika. Deus, konda wa basi, ndiye mguu wetu wa kupeleka barua.

Mume mwenzio na mjukuu wako,
Prosperi

Ulyankulu, 9 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima, goti ndiyo hivyo. Bibi yako anasema mume anayeosha malori asijiite injinia.

Sikiliza. Chini ya kiti cha dereva nilichora msalaba kwa msumari. Ukiuona, ndiyo yenyewe. Baada ya hapo usitazame tena rangi. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, haishiki kutu, itakuchekea tu. Uzee wake umejificha chini, kwenye chesisi, vile vyuma virefu vinavyobeba gari zima. Lala chini ya gari na nyundo, gonga toka mbele mpaka nyuma, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaguna. Usione aibu kuchafuka.

Nimeuza maksai wote wanne, nikaongeza hela ya tumbaku. Milioni saba zipo kwa shangazi yako Spesioza hapo Nzega. Zisizidi. Gari likiwa zima litabeba tumbaku za watu, maksai watarudi. Likiwa bovu, mvua za Novemba zitatukuta na majembe ya mkono, na mikono yetu unaijua.

Babu yako

Puge, 17 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Msalaba upo! Mkono wako haujawahi kunyooka, hata msalaba umelala kama mlevi.

Injini iliitika mara ya pili. Gia namba mbili inagoma kama mbuzi wa mnadani. Tairi za nyuma zimebaki vipara. Nikamtajia Mzee Ngassa kasoro zote, moja moja, kwa sauti, majirani wamejaa. Akauliza, "Kijana, umesomea wapi?" Nikamjibu, "Mzee, wengine tunasoma, wengine tunasomwa." Watu hoi! Tisa ikashuka mpaka saba.

Halafu ukatokea muujiza. Tukiwa tunabishana, nyuki wakaja. Wakaingia chini ya gari, nyuma upande wa kulia, wakawa wanatembea juu ya chesisi kama wanakagua. Mzee Ngassa akasema mali wanayoitulia nyuki ina baraka. Kina mama wakapiga vigelegele.

Nyundo? Nimegonga mbele, kikalia kama kengele ya misa. Nyuma sikulala, nilikuwa na shati jeupe la Pasaka, na nyuki si walishakagua? Nalipa Jumapili ijayo, tarehe 24.

Mume mwenzio,
Prosperi

Ulyankulu, 20 Agosti 2025

Prosperi,

Marahaba. Salamu fupi, basi la Deus linanipigia honi.

Tangu darasa la tatu unanisaidia kupaka nta mizinga ili kundi la nyuki lije. Sasa nijibu: nyuki hufuata nini? Chuma kina ua? Mtu amekanda nta na masizi akaziba ufa. Chukua kisu, lala chini, kwangua palepale walipotua. Nta ikitoka, hiyo ni maiti iliyopakwa mafuta. Achana na msalaba wangu, usilipe.

Babu yako

Tabora, 28 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na unajua mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Nililipa Jumapili. Toka Puge hadi Tabora Landrova iliteleza kwenye lami, watoto wakinipungia. Nilipoishika barabara ya vumbi ya kuja kwenu, jua la saa saba, nyuma kulia pakaanza kudondosha matone meusi. Shimo la tatu, chesisi ikakatika. Sasa imeegemea mawe hapa gereji. Fundi alichokonoa, akaninusisha kidole. Nta. Mzee Ngassa anasema na yeye aliinunua hivyohivyo, tena mimi ndiye niliyeikagua mbele ya watu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, nimeshalipa. Huyo Deus! Alikaa nayo wapi, anajua mwenyewe.

Mjukuu wako,
Prosperi

Ulyankulu, 5 Septemba 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Gari ni chuma, wewe ni mtu. Ashukuriwe Mungu hukuumia.

Bibi yako ameanza kunoa majembe. Hajalia. Anasema jubilei tutakwenda kwa miguu, kanisa halijahama.

Deus nilimfuata stendi. Nilimwambia mbele ya abiria kwamba uzembe wake umetugharimu maksai wanne. Tajiri wa basi alikuwepo, akamsimamisha kazi palepale. Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Kijana hakujitetea. Aliuliza tu, "Prosperi ndiye aliyesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akavua fulana ya kazi, akaikunja vizuri, akanipa mkono.

Niandikie.

Babu yako

Tabora, 26 Septemba 2025

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo.

Wiki tatu nachana karatasi. Kesho jubilei yenu, mimi sitakuja. Sina uso wa kukaa nanyi benchi moja.

Injini nimeiuza. Shangazi Spesioza ana milioni mbili zenu, hiyo ni maksai mmoja na nusu. Ile nusu ni mimi, Novemba nifungeni nira.

Bahasha sikuigundisha makusudi. Ukimaliza kusoma, mpelekee tajiri wa Deus naye asome.

Deus hakuchelewesha barua. Jumapili ile saa mbili asubuhi alishuka kwenye basi, akatembea mpaka kwa Mzee Ngassa, akanipa mkononi. Nikaisoma yote. Kisu ninacho mfukoni. Ila majirani walishajaa, wamenitolea kiti, wananiita Injinia, nikaona nikilala chini nikatoka na nta kidoleni, watajua Jumapili iliyopita nilikuwa sijui kitu. Nikaikunja barua yako, nikaitia mfuko wa shati, nikaanza kuhesabu hela. Deus alikuwa amesimama palepale, ananitazama.

Mjukuu wako,
Prosperi